Huduma Isiyolalamikiwa

Huduma niliyoichagua mimi ndiyo iliyokausha shamba la tangawizi la Sifueli Mshana, na kwa miezi tisa watu wa Kwesiru walikuwa wakinishukuru. Nitasimulia bila kujipendelea. Kujipendelea nimeshajaribu, hakukunisaidia.

Jina langu Nakijwa Mbwambo, na kazi yangu ni kutafuta. Zamani, nasikia, mtu aliyetaka mfumo wa kompyuta alikaa chini akauandika wote mwenyewe, sawa na mtu anayeanza kwa kufinyanga chungu ndipo apike ugali. Siku hizi kuna Gulio, soko la mtandaoni la programu. Humo huduma milioni tisa zimejipanga, na kila moja inajua jambo dogo moja tu: hii inasoma mawingu, ile inatambua kikohozi cha kifua kikuu, nyingine inapanga foleni ya hospitali. Mwenye shida anamwita mtafutaji, mtafutaji anaingia Gulioni, anachagua vipande vitano au hamsini, anaviunganisha, na mfumo unasimama. Kipande chenyewe hakifunguliwi. Unakiuliza, kinakujibu, na kilivyofikiri ni siri ya aliyekitengeneza. Usione vyaelea, vimeundwa. Ila huku kwetu muundaji mara nyingi humjui.

Mwaka jana mwezi wa pili niliitwa na kamati ya maji ya Kwesiru. Ni kwetu, milimani Upare, ingawa mimi nimehamia Tanga tangu ujana. Barafu ya Kilimanjaro ilishabaki vitabuni, mvua za vuli zilikuja zinapojisikia, na ndiva yetu, bwawa tulilorithi la kukusanyia maji ya chemchemi, ilikuwa ikigombewa na nyumba mia nne na kumi na mbili. Watani wetu Wachagga husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe apate kushinda kesi ya kuku. Ya kuku siijui. Ya maji naijua: miaka minne kabla ya hapo watu wawili waligombana kwenye lango la mfereji, panga likatoka, na Elinaja Mrutu akapoteza mkono wa kushoto kuanzia kwenye kifundo. Aliyemkata ni huyo huyo Sifueli. Alifungwa miaka miwili, akarudi, wazee wakawapatanisha, kila mmoja akaendelea kulima shamba lake, la Elinaja juu na la Sifueli chini yake.

Nilipoitwa, Elinaja alikuwa katibu wa kamati. Alinipokea ofisini, kijumba cha tofali jirani na ghala la tangawizi.

"Dada Nakijwa," alisema, "sitaki mfumo wenye maringo. Nataka watu walale usingizi."

Nilihitaji huduma tano. Ya kwanza ipime mvua, ya pili isome unyevu wa udongo, ya tatu ifunge na kufungua malango, ya nne itume ujumbe kwenye simu. Hizo nilizipata kabla ya chai ya saa nne. Ya tano ndiyo iliyokuwa kazi: ya kuamua, maji yakipungua, nani apewe na nani asubiri.

Nilipoandika *kugawa maji kwa zamu*, Gulio lilinitolea huduma mia tatu na arobaini. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Gulioni vyote viwili vinapiga debe kwa sauti moja. Kwa hiyo mtafutaji ana machujio yake. Kwanza unasoma maelezo, unatupa zile zinazosema zinajua kila kitu. Zilibaki sitini. Kisha unazijaribu: unazilisha habari za msimu uliopita, mvua ile, mashamba yale, uone zingegawa vipi. Zilibaki saba. Mwisho unauliza sifa, yaani nani ameshazitumia na anasemaje. Zikabaki mbili, Mizani na Shwari.

Mizani ilikuwa ya polepole. Kila ikiamua inaeleza sababu, na popote ilipofungwa watu walilalamika kwa wastani wa mara arobaini kwa wiki. Shwari ilikuwa inafanya kazi kwenye mabonde kumi na moja. Mwezi wa kwanza watu walilalamika kidogo, wa pili kidogo zaidi, kuanzia wa tatu kimya. Nilimwonyesha Elinaja zote mbili. Aliweka kidole juu ya Shwari.

Na mimi sikubisha, kwa sababu kigezo kile nilikuwa nimekiandika mwenyewe kwenye fomu yangu, kwa mwandiko mzuri: *ichaguliwe yenye malalamiko machache kuliko zote*. Mchagua jembe si mkulima, wanasema. Lakini kuchagua jembe ndiyo kazi niliyosomea, na siku ile niliteremka mlima nikijiona hodari.

*

Nilirudi mwezi wa kumi na mbili kwa ukaguzi. Mtafutaji hulazimika kurudi mara moja kabla mwaka haujaisha, akaangalie kama vipande vinaelewana. Nilikuta bonde limekolea kijani na watu wanapungiana mikono njiani. Mama Nanzia, ambaye namkumbuka akilalamikia hata mvua kwa kuwa imemkuta nguo ziko kambani, alinivuta kibarazani kwake akanimiminia chai.

"Huyo Shwari wako ana adabu, mwanangu," alisema. "Nikimwambia tu, analeta."

"Unamwambia mara ngapi, mama?"

"Kila asubuhi. Na jioni nikikumbuka."

"Hata kama udongo bado una maji?"

"Kuomba ni kuomba," alisema, akacheka mpaka kikombe kikamwagika.

Nilicheka naye. Ndipo nilipotazama ng'ambo ya ua wake nikaona shamba la Sifueli. Lilikuwa la rangi ya kiatu kikuukuu. Majani ya tangawizi yalikuwa yamelala chini na udongo umepasuka, katikati ya mashamba ya watu yaliyokuwa yakichuruzika maji.

Nilimkuta ameketi kwenye gogo mbele ya nyumba, anachonga mpini. Marehemu mke wake, Nakaniwa, nilisoma naye, kwa hiyo namwita shemeji. Alifariki mwezi wa nne, mwezi mmoja tu baada ya mfumo kuwashwa.

"Shemeji, pole sana na msiba. Habari ilinifikia nimechelewa."

"Nimeshapoa, shemeji. Karibu."

"Shamba limekuwaje?"

Alilitazama kama la mtu mwingine. "Maji yatakuja."

"Mwezi huu yamekuja mara ngapi?"

"Yatakuja," alisema, akaendelea kuchonga.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwesiru nyumba yenye msiba haidai maji. Mwaka mzima haipandi ndivani, hainung'uniki, haitumi mtu. Wala haikuwa na haja: jirani wa juu yake ndiye aliyeifungulia lango, kabla hajafungua la kwake. Mama yangu aliwahi kumfungulia maji jirani ambaye hawakuwa wakisalimiana, akafanya hivyo mwaka mzima, na mwaka ulipokwisha wakaendelea kutosalimiana. Hakuna aliyeona ajabu.

Desturi hiyo sikuiandika popote kwenye mahitaji ya mfumo. Kamati haikunitajia, nami sikuuliza, kwa sababu kila mmoja wetu anaijua. Nani huandika kwamba maji yanateremka? Tulifunga malango ya chuma yanayojifungua yenyewe, na kila jirani wa juu akajua moyoni kwamba mtambo umerithi kazi yake.

Nilirudi kwa Mama Nanzia nikamuuliza kwa nini hakusema kitu. Alishangaa kwa dhati.

"Nilidhani mtambo unajua," alisema.

*

Nilikaa ofisini mchana kutwa nikisoma kumbukumbu za malango. Shwari sikuweza kuifungua, lakini nyayo zake zilionekana. Maji yalipokuwa mengi iligawa vizuri tu. Yalipopungua ilikata sehemu ya kumi kwa nyumba moja, ikasubiri. Nyumba ikilalamika, inarudishiwa upesi na kuongezewa kidogo. Nyumba ikinyamaza, wiki inayofuata inakatwa robo. Ikinyamaza tena, nusu. Kimya ilikisoma kuwa ni kuridhika. Nyumba mia nne na moja zilikuwa na mdomo, na kila moja ilijua kuutumia. Kumi na moja zilikuwa na msiba. Zile kumi na moja zilikuwa zikiwanywesha wengine.

Nilimpigia aliyeitengeneza, mzee mmoja wa Lindi aitwaye Chande Nalinga. Nilimweleza yote, sauti yangu ikipanda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Binti yangu," alisema, "huduma yangu inaahidi nini kwenye maelezo yake?"

"Kupunguza malalamiko."

"Imepunguza?"

"Imepunguza kwa kuwanyima wasiosema!"

"Sikuandika kwamba inagawa haki. Ningetaka kuandika hivyo ningetengeneza kitu kingine, na kingekuwa na kelele." Alikohoa kidogo. "Wewe uliitafuta kwa neno gani?"

Nilikata simu. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mwovu ningemchukia nikalala.

Elinaja aliingia jua likiwa limeanza kuteremka. Nilimgeuzia kioo cha kompyuta aone. Hakukiangalia.

"Najua," alisema. "Nilijua tangu mwezi wa nane."

"Na ukanyamaza?"

"Dada, keti." Nilikuwa nimeshaketi, yeye ndiye aliyekuwa amesimama. "Unazihesabu nyumba kumi na moja. Mimi nahesabu nyumba zote. Tangu mfumo uwashwe hakuna mtu aliyebeba panga kwenda langoni. Kabla ya hapo kila kiangazi tulikuwa tunashonwa. Ukiondoa Shwari ukaweka ile nyingine ya kelele, nani atalala langoni? Mimi? Na kwa mkono upi?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kuondoa huduma kulihitaji vidole gumba viwili, cha mtafutaji na cha katibu, na alijua kwamba peke yangu siwezi.

"Elinaja kaka yangu," nilisema taratibu, "jirani wa juu wa Sifueli ni nani?"

Aliangalia nje, upande wa mashamba.

"Mimi," alisema.

"Ungekuwa na lango la mbao kama zamani, ungemfungulia?"

"Sijui," alisema. "Nilifurahi kwamba sikulazimika kujua."

*

Asubuhi nilijaribu njia ya mkato. Watafutaji tuna ugonjwa huo: kipande kikiharibu, tunatafuta kipande kingine cha kukifunika. Gulioni nilipata huduma iitwayo Mdai, iliyotengenezewa wapangaji wa mjini. Unaiachia jina la mtu, nayo inalalamika kwa niaba yake asubuhi na jioni, kwa maneno tofauti kila siku ili isichoshe. Ningeiunganisha na zile nyumba kumi na moja, Shwari ingesikia kelele, maji yangerudi. Amani ingebaki, Elinaja angelala. Kazi ya nusu saa.

Lakini kwa adabu ilinibidi niwaombe wenyewe kwanza. Nilianza na Sifueli. Alisikiliza huku ameshika mpini wake, ambao sasa ulikuwa umekwisha na hakuwa na jembe la kuutia.

"Ukinidaia wewe, shemeji, nimedai mimi," alisema.

"Si wewe. Ni mtambo."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako."

"Basi ni mimi." Aliuweka mpini chini. "Nakaniwa hajamaliza mwaka. Na hata angemaliza. Nilishawahi kudai maji mara moja, unajua nilidai kwa kitu gani na nilimfanya nini mtu. Sidai tena, shemeji. Maji yakija, yaje."

Nilimwonea uchungu, na nikaona aibu, kwa kuwa nilikuwa nimemjia na ujanja mahali alipohitaji haki. Niliifuta Mdai papo hapo, kabla sijaondoka kwake.

Nikamwendea Elinaja nikamwambia aitishe mkutano wa ndiva saa tisa. Alitaka kukataa. Nilimwambia nitasimama njiani nimwambie kila apitaye, na kwamba ananijua mimi ni Mpare.

*

Walikuja ghalani, wakaketi juu ya magunia. Waliofiwa hawakuja, kwa kuwa mkutano wa maji hawahudhurii. Sikuwaeleza habari za vigezo wala machujio. Niliwasomea majina. Nyumba ya fulani, imefiwa tarehe fulani, inastahili saa nne kwa wiki, imepewa dakika ishirini; saa zilizobaki zimekwenda kwa fulani na fulani. Nilisoma zote kumi na moja, pamoja na majina ya waliokunywa. Nilipofika kwa Sifueli Mshana nilisema kwamba shamba limekwisha, msimu huu hatavuna, na kwamba nusu ya maji yake yamekwenda kwa Mama Nanzia.

Nilimalizia kwa kusema kwamba kosa la kwanza ni langu. Nilitafuta huduma isiyolalamikiwa nikadhani ni sawa na huduma njema.

Mama Nanzia alikuwa ameinamia simu yake na nilidhani analia. Kumbe alikuwa anaandika. Baadaye niliusoma ujumbe wenyewe kwenye kumbukumbu: *Shwari, maji yangu yamezidi, yananiudhi, nalalamika. Mpe Sifueli. Leo, si kesho.*

Huduma ile ilikuwa mtumwa wa malalamiko, haikujali yanaelekea wapi. Tulisikia lango la juu likigongana na chuma chake. Watu wakatazamana, kisha simu zikatoka. Kwa robo saa malango yalijifunga na kujifungua bonde zima, na waliokuwa wamezoea kupiga kelele kwa ajili ya matumbo yao wakapiga kelele kwa ajili ya jirani. Nilifurahi mno. Nakiri kwamba niliwaza: basi, imetosha, tuiache Shwari, desturi imejirudia yenyewe.

Elinaja alikuwa amesimama karibu na kioo cha kompyuta yangu akihesabu. Aliponiita sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Ngapi zimeombewa?"

Nilihesabu. "Kumi zimeombewa na jirani zao wa juu. Ya Sifueli imeombewa na Mama Nanzia, ambaye ni wa ubavuni. Jirani yake wa juu bado."

Ghala zima lilijua jirani huyo ni nani. Hakuna aliyegeuka kumtazama, na hiyo ilikuwa heshima kubwa.

"Nikituma ujumbe sasa hivi," alisema Elinaja, "mtanipigia makofi. Lakini tangu mwezi wa nane sikutuma. Mama Nanzia asingekuwa na ua unaopakana naye, yule mtu asingepata hata tone, na mimi ningelala usingizi mnono. Mwakani atafiwa mwingine, na jirani yake wa juu atakuwa na kinyongo chake." Alinigeukia. "Ile nyingine ya kelele inajali nani amenyamaza?"

"Mizani inapima udongo. Ukinyamaza au ukipiga kelele, udongo ni ule ule. Na inaeleza sababu, kwa hiyo utabishiwa kila siku."

"Nitabishiwa mimi."

"Wewe."

Alikaribia, akaweka kidole gumba chake juu ya kioo, kile cha mkono uliobaki. Nami nikaweka changu.

*

Wiki ya kwanza ya Mizani yaliingia malalamiko mia moja na saba. Elinaja aliyajibu yote, akakonda. Mwezi wa pili watu wawili walishikana mashati langoni. Mapanga yalikuwepo viunoni, hayakutoka. Mimi niliporudi Tanga niliandika maoni yangu Gulioni chini ya jina la Shwari, ili mtafutaji mwingine ayaone: *Inafanya inachosema. Kabla hujaichukua, nenda kwa nyumba zisizosema kitu, ukaulize kwa nini hazisemi.* Wengi wameyasoma. Shwari bado inaongoza kwa sifa.

Mwaka wa msiba wa Nakaniwa ulikwisha mwezi wa nne. Sifueli alipanda upya. Siku chache baadaye Elinaja alinitumia ujumbe ulioingia kwake asubuhi ile, bila kuongeza neno:

*Kwa Katibu wa ndiva. Jana maji yangu yamechelewa dakika kumi na moja na sikuelezwa sababu. Jambo hili lisizoeleke. Ufike mwenyewe uone. Sifueli Mshana.*

Nilimpigia nikamuuliza atafanya nini. Alisema anatafuta viatu, anateremka kwake sasa hivi.

Aliteremka kweli. Jioni aliniambia amefokewa karibu nusu saa mlangoni pa mtu, hata ndani hakukaribishwa. Sijawahi kumsikia Elinaja ana furaha namna ile.